Namna ya Kupiga Picha za Ndege wa Maji Pamoja na Familia Mkoani Dodoma

Familia inayotaka kupiga picha za viumbe wa ardhi oevu hapa Dodoma haina haja ya kusafiri hadi Manyara. Jambo la kwanza ni kuchagua ukingo mmoja wa maji na kuurudia mwaka mzima, kwa sababu maji ya huku kwetu hayakai mahali pamoja: tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo maji hupungua siku hadi siku. Mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tuna ukingo wetu katika bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, na tulianza kurudi nyumbani na picha zenye maana pale tu tulipoacha kuhangaika huku na huko.

Wanaopenda eneo pana zaidi waende Bahi, magharibi ya jiji kwenye barabara ya Singida. Mto Bubu humwaga maji yake huko, nayo hayana njia ya kutokea, hivyo hutanda kwenye tambarare wakati wa masika na kukaushwa na jua wakati wa kiangazi. Maji yakiwa mengi ndege hutawanyika mbali. Yakianza kunywea, samaki hubanwa kwenye madimbwi, na hapo korongo, yangeyange na mwari hukusanyika karibu karibu. Kwa maoni yangu huo ndio wakati bora wa kuanza, hasa kwa watoto ambao bado hawana subira. Tahadhari moja ni udongo mweusi wa mbuga: juu huonekana mkavu, chini ni tope linalonata. Sisi gari letu liliwahi kuzama humo hadi ekseli, na tangu siku hiyo tunaliacha barabarani na kutembea, tukiupima udongo kwa fimbo.

Ondokeni nyumbani saa 11 alfajiri ili jua linapochomoza muwe mmekwisha kuketi, kwani kuanzia saa 3 mwanga huwa mkali na rangi za manyoya hufifia. Ketini upande wa mashariki wa maji, jua likiwa mgongoni. Upepo wa kiangazi hapa Dodoma nao huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na ndege wakubwa wa maji hupenda kuruka na kutua wakiukabili upepo. Kwa hiyo anayeketi upande huo hupata ndege anayekuja usoni pake huku akiwa ameangazwa vizuri. Tulipoielewa siri hii, idadi ya picha za migongo na mikia ilipungua sana.

Kamera ishuke hadi karibu na usawa wa macho ya ndege. Jazeni mchanga nusu ya kiroba, mkilaze chini, kisha lenzi iegemee juu yake. Hakuna stendi iliyo imara kuliko hiyo. Lenzi ya milimita 300 inatosha kwa kuanzia. Ndege aliyesimama apigwe kwa kasi ya shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia) ya 1/500 ya sekunde, na anayeruka kwa 1/2000. Yangeyange ni mweupe mno, na kamera ikiachwa ijiamulie, manyoya yake hugeuka doa tupu lisilo na mistari. Punguzeni mwanga kwa hatua moja, yaani -1 kwenye kipimo cha mwangaza cha kamera. Kwenye simu, gusa ndege kwenye kioo, kisha telezesha alama ya jua kwenda chini. Asiye na lenzi ndefu anaweza kuibana simu kwenye tundu la darubini na bado akapata picha nzuri ya kumbukumbu. Vumbi la kiangazi ni adui wa kamera, hivyo lenzi isibadilishwe upepo ukivuma.

Kila mtoto apewe kazi yake. Wetu mkubwa hushika kamera. Mdogo hushika darubini na daftari, na huandika aina ya ndege, saa, na anachokifanya. Waanzeni na mdiria wa madoa meusi na meupe, kwa kuwa kabla ya kupiga mbizi husimama hewani akipiga mbawa mahali pamoja kwa sekunde kadhaa, muda unaomtosha hata anayejifunza. Asubuhi moja binti yetu mdogo aliniuliza kwa kunong'ona, "Baba, mbona yule ndege ana miguu mingi?" Alikuwa sile-maua, yule atembeaye juu ya majani ya yungiyungi kwa vidole vyake virefu. Dume ndiye anayeatamia na kulea, na huyu alikuwa amewabana makinda chini ya mbawa zake, miguu yao myembamba ikining'inia pande zote mbili. Tulimpiga picha tatu tu, tukarudi nyuma taratibu bila kuinuka, kwa sababu mzazi akishtuka huweza kuwaangusha watoto wake majini. Msikaribie viota, na mtoto asiruhusiwe kamwe kurusha jiwe ili ndege waruke.

Kuhusu watu, fikeni kwanza ofisi ya kijiji, msalimie "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na mweleze mlichofuata. Katika majaruba ya mpunga mtakuta watoto wakiamia kwelea kwelea tangu alfajiri. Msiwapige picha bila idhini ya wazazi wao, wala msikanyage matuta. Wavuvi ndio wa kuulizwa iwapo kuna mamba au viboko, hasa huko kwenye bwawa la Mtera, na wakisema ondokeni, ondokeni. Vaeni viatu vya mpira na msiingie majini, kwani kichocho hupatikana kwenye maji yaliyotuama.

Kabla ya kuondoka, pigeni picha moja ya mandhari mkiwa mmesimama mahali palepale kila safari, kisha andikeni tarehe. Sisi husimama chini ya mgunga ambao mwezi Aprili maji huulowesha mizizi. Septemba iliyopita binti yetu alihesabu hatua 62 kutoka shina lake hadi kwenye maji, akaziandika daftarini.