Mto ukirudi kwa mtaro: jinsi ya kuweka mlango wa flapu na kuyapa maji pahali pa kukaa

Kuna kitu watu wa ploti za kando ya mto wanachelewa kuamini: mara nyingi maji hayaruki ukuta, yanaingia kwa mtaro wenu wenyewe. Mto ukipanda kupita mdomo wa ule mtaro, maji yanageuza njia yanarudi nyuma, unashtukia shimo la mtaro la katikati ya ploti linabubujika maji meusi na mvua iliisha kitambo. Hapo landilodi anaita fundi aongeze kozi tatu za mawe kwa ukuta, na sasa ploti imekuwa karai, yakiingia hayatoki.

Dawa ya hiyo shida ni mlango wa flapu. Ni kibao kinaning'inia kwa mdomo wa paipu upande wa mto, hinji zikiwa juu. Mto ukiwa chini maji yenu yanakisukuma yanatoka, mto ukipanda unakisukuma kinajifunga, hakuna stima wala mtu wa kuamka saa nane usiku. Ni mtindo wa zamani sana, nchi za pwani zenye mashamba ya chini wanautumia kuzuia bahari, na kwa sababu bahari inajaa na kupwa karibu mara mbili kila siku, milango yao haipumziki. Yetu hapa Nairobi inangoja masika, Machi hadi Mei, halafu mvua fupi za Oktoba hadi Disemba, na katikati imekaa tu inashika kutu na kujaza mifuko ya plastiki. Kwa hivyo kuujenga ni kazi ndogo, kuutunza ndio kazi.

Kabla hamjachanga pesa, tafuteni alama ya maji. Ulizeni watu waliokaa hapo miaka mingi, angalieni doa kwa kuta, wengi wanakumbuka vizuri maji ya Aprili na Mei 2024 yalifika wapi, kwa sababu hizo ndizo siku walibeba watoto mgongoni. Pigeni mstari wa rangi hapo na muandike mwaka. Halafu chukueni ile paipu ya kuonyesha ndani ambayo fundi wa mjengo hutumia kama levo, ijazeni maji, mtu mmoja ashike upande mmoja kwa mstari na mwingine aende na upande wa pili hadi kwa mdomo wa mtaro. Kama mdomo uko juu ya mstari, hamhitaji mlango, shida yenu ni mtaro umeziba. Kama mdomo uko chini lakini ukuta na nyumba ziko juu ya mstari, mlango utawasaidia sana. Na kama mstari unapita juu ya madirisha, wacha niwe mkweli, hakuna flapu itawaokoa hapo, hiyo ni nyumba ya kuhama.

Mambo ya ruhusa pia msiruke. Kanuni za maji zinataja ukingo wa mto usiofaa kujengwa, wa kati ya mita 6 na mita 30 kulingana na upana wa mto, na baada ya mafuriko ya 2024 serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 bila kusikiza hadithi ya mtu. Kwa hivyo pitieni kwa chifu, kanjo, na mamlaka ya rasilimali za maji kabla ya kumwaga simiti yoyote huko chini.

Sasa mlango wenyewe. Fundi wa jua kali atawaambia chuma, na chuma ni kizuri, shida ni kwamba kibao cha chuma kando ya mto ni pesa ya skrepa imening'inia, wiki haiishi hakipo. Mimi ningechukua plastiki nzito au raba ngumu kama ya mikanda ya mashine za kiwandani, ifungwe kwa bolti halafu vichwa vya bolti vigongwe visifunguke. Uso wa mdomo uinamishwe kidogo, chini itokeze kuelekea mto kuliko juu, ndio kibao kilale chenyewe kwa uzito wake. Zungusheni raba laini kwa fremu pahali kibao kinakalia. Kikiwa kizito sana maji kidogo hayatakisukuma na matope yatakaa nyuma yake, kikiwa chepesi sana takataka kidogo inakiacha wazi. Kipimo changu ni mkono: uweze kukiinua kwa vidole bila kukaza misuli, na ukikiachilia kirudi mara moja. Chini ya mdomo pangeni mawe makubwa, la sivyo maji yakitoka yatachimba ukingo na siku moja paipu na mlango vyote viko mtoni.

Upande wa ndani, kabla ya paipu, wekeni chuma za kuchuja takataka, nafasi iwe ndogo kuliko unene wa chupa ya soda. Chupa moja ya soda ikikwama katikati ya kibao na fremu, mlango umekuwa pambo.

Hapa ndipo watu wengi wanaachia mradi, na ndipo ungefaa kuanzia. Mlango ukifunga mto nje, umefunga pia mvua yenu ndani. Piga hesabu: ploti ya mita 1,000 za mraba, yote mabati na simiti, ikinyesha milimita 50 hayo ni maji ya lita 50,000, yaani tangi kumi za lita 5,000. Yataenda wapi mkiwa mmefunga? Yanahitaji shimo, kwa mfano mita 10 kwa 5 ukipima sakafu yake na kina cha mita 1, pahali pa chini kabisa karibu na mtaro, kingo zilale mteremko mtoto asitumbukie, na zungusheni ua. Mkipunguza simiti na kuweka matangi ya kukinga maji ya paa, shimo linakuwa dogo.

Na msitegemee ardhi kunywa. Huku mashariki na kusini mwa jiji, Mukuru, Embakasi, ni udongo mweusi wa pamba, ukishalowa umefunga. Maji yatakaa hadi mto ushuke na mlango ufunguke, mara nyingi siku moja mbili, na hiyo ni sawa, mbu anahitaji zaidi ya hapo kukua. Yakikaa wiki, angalieni kama mlango umekwama.

Ndani ya shimo pandeni mafunjo na matete, na kwa kingo vetiva, mizizi yake inaenda chini sana inashika udongo. Mkaratusi hapana. Na nduma zikimea humo, wacheni zikae tu, hayo maji yana choo na vitu vya gereji, si chakula. Mimea inasafisha kiasi lakini haitashinda paipu ya choo ya jirani iliyoelekezwa kwa mtaro, hiyo ni vita ya kupigana kando.

Wale wa nchi za pwani niliowataja juu walijifunza kwa njia ngumu. Milango iliyofunga bahari kabisa ilikausha vinamasi vya maji ya chumvi vilivyokuwa nyuma yake, nyasi zikafa, ardhi ikashuka, samaki wakakosa njia. Siku hizi sehemu zingine wameweka milango yenye boya, inaachwa wazi maji ya kawaida yaingie kwa kinamasi na inafunga tu yakipita kiwango walichochagua. Kwetu maana yake ni hii: ile sehemu ya ukingo iliyo nje ya ukuta wenu msiifunge na msiijaze udongo. Kuna wasee wanamwaga lori za vifusi usiku wapate nafasi ya kibanda, na kila futi wanayoiba mto unaidai ng'ambo. Acheni mto ujitandaze hapo kwa mafunjo, kiwango kinashuka kidogo na mlango wenu unapata kazi nyepesi.

Ukaguzi: mwisho wa Februari na mwisho wa Septemba, halafu baada ya kila mvua kubwa. Vaeni gambuti na glavu, ondoeni takataka, pakeni hinji grisi, inueni kibao mkiachilie msikie kimegonga fremu, pitisheni karatasi kwa raba na ikipenya kwa urahisi badilisheni raba. Mto ukiwa umepanda hakuna mtu kuteremka kuangalia, hata keataka awe jasiri aje, maji ya magoti yanayokimbia yanambeba mtu mzima. Kazi ya wakati huo ni kuzima stima kwa meini na kuhamisha wazee na watoto. Pesa za raba na grisi muweke kwa chama kidogo cha ploti, kila nyumba ichange na kodi, juu mkingoja hadi mlango uharibike ndio muanze kuchanga, kuna wale wa orofa ya pili watasema maji hayawafikii.