Mchanga wa Nyali kabla ya matope ya Ulaya: kujiandaa kwa saiklokrosi ukiwa likizo Mombasa

Ukishajiandikisha kwa mbio zako za kwanza za saiklokrosi huko Ulaya uliko, wenzako watakutisha kwa matope. Mchanga hawautaji sana, na hapo ndipo mtoto wa Pwani ana lake la kuwaonyesha. Msimu wa Ulaya huanza Septemba na kumalizika Februari, kwa hiyo likizo ya Agosti nyumbani imekaa pazuri.

Kwa asiyeujua mchezo huu wa baiskeli: mnazunguka njia fupi, kama kilomita 3, penye nyasi, matope, ngazi na vibao vya kimo cha sentimita 40 hivi. Pasipoendesheka unashuka, unaitia baiskeli begani na kukimbia. Daraja nyingi za ridhaa hushindana kati ya dakika 40 na 60. Hesabu ya mizunguko hutokana na saa, na kengele ikilia, ujue umebaki mmoja.

Mchanga si jambo dogo. Mwaka 2012, mashindano ya dunia yalipofanyika Koksijde, mji wa Ubelgiji wenye vilima vya mchanga karibu na bahari, Wabelgiji walichukua nafasi 7 za kwanza upande wa wanaume. Walikuwa kwao. Na wewe una Nyali, na ufuo ukaendelea hadi Bamburi.

Uliza kwanza maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa hadi mbali na kukuachia uwanja mpana. Saa ya kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, basi usipange ratiba ya wiki nzima kwa saa ileile. Toka baada ya alfajiri, kabla jua halijakolea. Jumapili jioni pale Pirates, ufuo wa umma unaojaa watu, usijaribu: watoto, ngamia, wauza viazi karai, utamgonga mtu. Agosti bado ni kusi, kwa hiyo anza kwa kuelekea upande wa kusini ukiwa na nguvu, upepo ukusukume wakati wa kurudi.

Mchanga wa chini, uliolowa, ni wa kupasha mwili tu. Kazi iko juu, karibu na mivinje, gurudumu linapozama. Toa upepo kwenye tairi kuliko ulivyozoea. Zisizo na tyubu huwa kati ya 20 na 30 psi kulingana na uzito wako, zenye tyubu ongeza kidogo, la sivyo ringi itabana tyubu na utapata pancha. Ingia kwa kasi, gia nzito kidogo, uzito nyuma, mikono ilegee. Usipigane na usukani: gurudumu la mbele liache litafute njia, wewe kanyaga tu bila kukatiza. Ukihisi kasi inakufa, shuka kabla haijafa. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kiburi. Aliyeshuka mapema anakimbia. Aliyechelewa anaanguka mbele za watu.

Kushuka ni kwa upande wa kushoto, maana mnyororo uko kulia. Rudia mara 20 kila asubuhi mpaka mguu uzoee wenyewe. Vijana wa ufuoni watacheka. Wacha wacheke.

Kisha chumvi. Baiskeli iliyogusa maji ya bahari ioshe siku hiyohiyo kwa maji baridi ya bomba, ikaushe, utie mafuta kwenye mnyororo. Ukilala nayo hivyo, utaamkia kutu.

Kuhusu kuileta kwa ndege: soma masharti ya shirika lako kabla ya kukata tiketi, kwani ada hutofautiana mno. Pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia. Beba tyubu zako. Fundi wa mtaani ni hodari wa kunyoosha ringi, ila valvu nyembamba usitegemee kuikuta kwake.

Ukirudi, hakuna haja ya kununua baiskeli maalumu. Mbio nyingi za ridhaa hukubali baiskeli ya mlimani, ingawa ni vizuri kusoma kanuni zao, na mara nyingi utapata leseni ya siku moja. Fika mapema uzunguke njia mara 2. Mgeni hupangwa nyuma, usilalamike. Mwenye kasi akikujia kutoka nyuma, mpishe. Wa kwanza akimaliza, nawe unamalizia mzunguko uliomo, hata kama una mizunguko pungufu.

Mimi mara ya kwanza nilipigwa mizunguko 2 na mzee mwenye mvi tupu. Kwenye shimo la mchanga nilimkuta anasukuma baiskeli, nikampita nimekaa kitini. Akanipata tena kwenye nyasi.