Samaki wa bahari: wapange kwa saizi, sio kwa jina

Hata kama uko Kisumu na bahari hujawahi ona, unaweza kuanza kuelewa samaki wa huko pale Dunga tu, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Victoria, asubuhi boti zikirudi. Baharini ukubwa wa mwili unakuambia mengi kuliko jina. Jodari akiwa mdogo kabisa anakula vidudu vya majini ambavyo hata wewe huvioni vizuri, akikua anafukuza dagaa na ngisi. Mbuta wetu (sangara wa ziwani) pia ni hivyo, akishanenepa anakula hata watoto wa mbuta wenzake.

Sasa fanya hivi. Omba mvuvi akuruhusu upime samaki wa neti moja, wote, usichague wale wazuri, na usichanganye neti ya omena (dagaa wa ziwani) na ya mbuta juu macho ya neti ndio yanaamua nani anashikwa. Tafuta mzani wa gramu. Kwa daftari chora vikundi vya kuongeza mara mbili: gramu 1 hadi 2, 2 hadi 4, 4 hadi 8, hivyo hivyo mpaka 512 hadi 1024 na juu. Kila samaki aende kikundi chake, jina achana nalo. Halafu jumlisha uzito wa kila kikundi, sio idadi (hapa ndio wengi huchanganyikiwa), uchore grafu. Neti moja haikuonyeshi ziwa lote, hii ni ya kuzoesha mkono.

Kwa bahari kuu, mwaka 1972 mtafiti Sheldon na wenzake walisema uzito wa vikundi hivyo unakaribiana, kuanzia bakteria hadi nyangumi. Inashangaza, maana chakula kikipanda ngazi moja inabaki kama asilimia 10 tu hivi: kilo 1000 za vijimea vya kijani vya majini zinatoa 100 za vidudu, 10 za dagaa, 1 ya jodari. Mbona basi uzito wa wakubwa haupungui sana? Kwa sababu kilo moja ya mwili mkubwa inahitaji chakula kidogo kuliko kilo moja ya vidogo, na inaishi miaka mingi, kwa hivyo uzito unajikusanya polepole. Papa potwe yeye ameruka ngazi, mkubwa vile na anakula vidudu moja kwa moja.

Ukiona upande wa wakubwa kwa grafu umeshuka ghafla, inaweza kuwa ni macho ya neti, au uvuvi umewamaliza. Wakubwa wakiisha wadogo wanaweza hata kuongezeka, hakuna wa kuwala. Kuona kama kweli wanapungua, pima tena mwakani msimu huo huo, na neti ya macho yale yale.