Kutuliza mtetemo kwa mafuta yenye unga wa chuma: jaribio la mezani

Jacob Rabinow alitengeneza mafuta yanayokazwa na sumaku huko Marekani miaka ya 1940, na mwaka 2002 yakaingia kwenye shokapu za gari la Cadillac. Ya kwako utayatengeneza hivi.

1. Unga. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, ukusanye unga wa chuma chini ya grainda. Vika sumaku mfuko wa plastiki kabla ya kuipitisha juu ya unga. Ukivua mfuko, unga unadondoka wenyewe. Chekecha kwa soksi ya nailoni. Vaa barakoa, kaa mbali na moto: unga laini wa chuma huwaka.

2. Kuchanganya. Vijiko sawa vya unga na mafuta ya kupikia, na grisi kidogo. Chuma ni kizito kuliko mafuta zaidi ya mara 8, hivyo bila grisi kitatuama upesi.

3. Tazama kabla ya kupima. Mimina kidogo kwenye sahani ya plastiki, weka sumaku chini yake. Uso uliokuwa bapa unavimba na kusimamisha miiba. Choma kwa kijiti: panabonyea, panakatika, kisha panaziba. Kila chembe imegeuka sumaku ndogo, ikashikana na jirani yake ncha kwa ncha hadi ikawa minyororo. Mtetemo ukipita, minyororo inavutika, inakatika, inaungana upya, na kila inapokatika nguvu kidogo ya mtetemo inageuka joto.

4. Mtambo. Bana rula ya plastiki ukingoni mwa meza, sentimita 25 zikiwa nje. Gundisha kwenye ncha yake kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye dumu, kining'inie ndani ya kijisanduku chembamba chenye mchanganyiko, kikiacha milimita 2 au 3 kila upande. Rula ya chuma haifai, itavutwa na sumaku. Kipande cha alumini pia hakifai: kikitembea karibu na sumaku, umeme unazuka ndani yake na kukipunguza mwendo, nawe utadhani ni kazi ya mafuta.

5. Kupima. Bonyeza rula, achia, rekodi kwa simu, hesabu inapanda na kushuka mara ngapi hadi itulie. Sasa weka sumaku mbili zinazovutana, moja kila upande wa kijisanduku, zimebanwa kwa mbao zisisogee. Hesabu tena. Mwisho jaribu mafuta matupu, bila unga: sumaku hazitabadilisha kitu. Usiiruke sehemu hii, ndiyo ushahidi wako.

6. Kutafuta umbali. Wengi hudhani sumaku kali zaidi ndiyo bora. Sivyo. Zikisogezwa karibu mno, mafuta yanakaza kabisa, kipande hakitembei, na rula inatetemeka katikati kama iliyobanwa ncha zote mbili. Mnyororo usiokatika haumalizi nguvu ya mtetemo. Zirudishe nyuma kidogo kidogo mpaka kipande kitembee kwa shida; hapo rula hutulia mapema kuliko kwingine kote. Kwenye shokapu kazi hiyo hufanywa na koili, yaani waya uliozungushwa unaokuwa sumaku umeme ukipita: umeme ukiongezwa au kupunguzwa, mafuta hubadilika ndani ya milisekunde chache.