Kitabu cha Picha cha Mtoto: Ninavyokiandika na Kukichora Hapa Wete

Kabla ya kushika rangi, chukua karatasi 8 za A4, zikunje katikati na uzishone kwa uzi kwenye mkunjo. Umepata kurasa 32, kipimo cha vitabu vingi vya picha, kwa kuwa mtamboni karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mbili kama hizo zinatosha kitabu. Kurasa za mwanzo zitaliwa na jina la kitabu na hakimiliki. Zinazobaki ndizo zako.

Humo andika hadithi kwa penseli, sentensi mbili tatu kila ukurasa. Mtoto akigeuza ukurasa anataka kukuta jambo, basi swali liache ukurasa wa kulia na jibu lake liwe nyuma yake. Tena usiandike kinachoonekana. Kama picha inaonyesha mvua, maneno yaseme mtoto anamuwaza nani aliye baharini.

Halafu usome kwa sauti. Mimi husoma alaasiri watoto wakitoka chuo cha Kurani, tumekaa barazani. Nikisema "Paukwa!" wakaitikia "Pakawa!", nawatazama macho. Wanapoanza kuchezea kandambili, pale pale natia alama, na usiku napunguza maneno. Hakuna mhariri ninayemuamini kuliko wao.

Kuchora ndiko kunakonichukua muda, na ndiko ninakokupenda. Chukua msimu wa karafuu. Juu ya mti karafuu ni kijani, kisha huanza kuona haya, wekundu wa waridi ukaingia, na huchumwa kabla ua halijafunguka. Zikianikwa juani kwenye jamvi ndipo zinapogeuka kahawia iliyokoza. Mtoto wa Pemba akiona karafuu za kahawia mtini atakwambia hapo hapo kuwa hizo zimeshaanikwa. Kwa hiyo nenda shamba na daftari. Kaa na kina mama wakati wa kuchambua, uchore vidole vinavyotenga karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake: gumba linasukuma, kiganja kinapokea. Hata ngalawa, ichore na matengo yake, ile miti ya kuizuia isipinduke, pande zote mbili. Watoto wetu wamezoea kuona vitabuni theluji na nyumba zenye bomba la moshi. Wana haki ya kuiona Pemba yao imechorwa kwa uangalifu ule ule.

Rangi za maji zinataka karatasi nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Wakati wa masika hewa ina unyevu mwingi, karatasi hujikunja, basi ibandike kingo zote kwenye ubao kwa utepe wa karatasi wenye gundi na usiibandue mpaka ikauke kabisa. Usiweke uso wa mtu katikati ya kurasa mbili, utamezwa na mkunjo. Ongeza pia milimita 3 za rangi kila upande, maana mchapaji atakata.

Fedha mpatane mapema na mchapishaji, kwa maandishi. Uliza kama unalipwa mara moja au unapata mrabaha, yaani fungu lako, kwa kila nakala inayouzwa, na kama picha zitatumika kwenye kalenda au mabango. Michoro ya asili ibaki kwako. Kazi yako isajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na mkataba usiusaini siku ile ile uliyopewa. Nenda nao nyumbani, usomewe na mwengine.