Kutumia neno "fresh" bila kumkanganya mnunuzi

Unapoandika tangazo la mazao ya Rungwe kwa Kiingereza, usigeuze "mbichi" kuwa "fresh" kila mara. Jiulize kwanza: kinyume chake ni nini?

Kikiwa "iliyopikwa", andika "raw": nyama mbichi ni "raw meat". Kikiwa "iliyoiva", andika "unripe". Ndizi mbichi za Tukuyu za kupika huitwa pia "green bananas". Kikiwa "makavu", kama maharage mabichi, hapo ndipo "fresh" inakaa. Parachichi ndilo linalotega wengi. Haliivi mtini, hulainika baada ya kuchumwa, kwa hiyo lililochumwa leo ni "fresh" lakini si "ripe". Mnunuzi anayetaka kula jioni hiyohiyo akisoma "fresh" tu, atapokea tunda gumu kama jiwe. Andika "freshly picked, not yet ripe".

Kosa jingine, tena la hatari: "fresh water" si maji safi. Ni maji yasiyo na chumvi, kama ya Ziwa Nyasa pale Matema. Ya kunywa ni "clean" au "safe".

Kwa upepo wa Uyole asubuhi, "cool" au "crisp" hutosha. Habari za karibuni ni "recent".