Kuhamisha ejenti toka mashine moja kwenda nyingine

Wadau wa Kigoma mnaotaka ejenti, yaani programu inayojiendesha yenyewe, ihame toka kompyuta ya Mwanga kwenda ya Ujiji na data zake zote, mi nashauri JADE, ni ya bure na inatumia Java.

Kwanza washa kontena kuu ya JADE hapo Mwanga (kontena ni sehemu ya JADE ambamo ejenti zinaendeshwa), halafu ya Ujiji iwashe kwa kuongeza -container -host kwenye amri ya kuwasha JADE, ikifuatiwa na IP, yaani anwani ya mtandao, ya kompyuta ya Mwanga, na poti 1099 iwe wazi kwenye fayawoli. Hapo hakuna kazi.

Kazi iko hapa, sikilizeni vizuri: Java haibebi sehemu programu ilipofikia ndani ya methodi (kipande cha kodi kinachofanya kazi moja), inabeba data tu, kwa hiyo weka variabo ya hatua, yaani inayotunza namba ya hatua iliyofikiwa, ejenti ikifika iangalie imeishia ngapi iendelee, usipoweka inaweza kuanza kazi upya na kama inahesabu magunia ya dagaa stoo basi hesabu inaweza kujirudia mara mbili. Faili zilizofunguliwa, soketi (miunganisho ya mtandao) na koneksheni ya databesi havisafiri kabisa, viandike transient, neno la Java la kuiambia isivibebe, vifunge kwenye beforeMove inayofanyika huku, vifungue upya kwenye afterMove inayofanyika kule.

Alafu ukiita doMove, amri ya kuhamisha ejenti, haiondoki papo hapo, inasubiri action (methodi yenye kazi ya ejenti) inayoendelea imalizike, kwa hiyo usiandike chochote cha maana chini ya huo mstari, nawaomba sana, maana kitafanyika bado ikiwa Mwanga.